Goli ya Upande wa Mawe

Jumanne, 21 Oktoba 2025

Kiwanja imefunguliwa! Miaka yote nimepiga kelele kwa mikutano ya sekteri, serikali ya hapa kwetu – watoto wa kike wanacheza barabarani, pikipiki zitawamaliza – na leo serikali imesikia. Geti ya chuma, goli mbili, nyavu mupya. Iko chini kwa bonde, katikati ya mawe ya volkano, lakini ni yetu. Twagirimana, yule wa michezo kwa sekteri, amenipa ufunguo mbele ya watu wote. Eti, Mama Teta, uliomba, sasa chunga. Nimelia kama mujinga.

Teta amebusu nguzo ya goli! Kipa yangu huyo. Bwana yangu Jado anasema tumekwisha kumuozesha. Ha.

Tarehe mbili, Jumapili, siporo, mazoezi ya watu wote, itafanyika pale. Wakubwa watakuja.

Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Teta ametoka mazoezi ya asubuhi kichwa inamuuma. Ametapika mara mbili. Jado: malaria hiyo. Kituo ya afya wamepima – hakuna malaria. Nimemupa uji, amelala. Bon, labda ni njaa. Anaruka chai kila siku ju ya ballon, mupira yake.

Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Tena! Leo wamemuleta wenzake, wamemushika mikono, midomo imebadilika rangi. Mwenzake Keza akaingia golini mahali pake. Na Keza naye kichwa, naye kizunguzungu. Wengine wote wazima, wanapiga kelele kama kawaida.

Nikamuuliza Teta mulikula nini. Akacheka: Mama, hatukukula kitu, ni kipa tu njo anagonjwa, na ni goli ya upande wa mawe tu.

Mi sikucheka. Kipa njo anajitupa chini. Wengine wanabaki wamesimama.

Iko neno moja sitaki kuandika.

Jumatano, 29 Oktoba 2025

Nimeshuka mwenyewe, kunapambazuka. Nyuma ya goli ya upande wa mawe: panya wawili, ndege mumoja, na paka ya jirani. Wamelala tu. Hakuna damu, hakuna kidonda. Hata inzi hakuna juu yao. Hata inzi!

Mi nimezaliwa Goma, ile neno naijua. Mazuku. Ni pumzi ya volkano, inatoka kwa ardhi, haina rangi, inajaa kwa mashimo sawa maji. Mbuzi ya bibi yangu ilikufa vile, majani bado kwa mudomo. Mutu mwenye kusimama anapita, anasalimia watu, haoni kitu. Mwenye kulala chini – basi.

Nikawasha mushumaa, nikaishusha pole pole. Kwa kiuno inawaka. Kwa magoti, imezima. Nikawasha tena. Imezima. Mana yanjye, Mungu wangu! Nimekimbia nikaacha sandale moja pale, na sitairudilia.

Mutoto wangu alikuwa anajitupa mule ndani. Kila asubuhi. Na mi nampigia makofi.

Alhamisi, 30 Oktoba 2025

Nimeenda kwa Twagirimana. Si mutu mubaya, alinipa kiti, alinipa maji. Eti wataalamu walipima kiwanja mbele ya kujenga. Nikauliza: walipima saa ngapi, na walipima wamesimama? Kuuliza si ujinga! Akacheka kidogo, akachukua funguo ya voiture, gari yake, tukaenda.

Saa sita ya muchana. Jua kali, upepo ya ziwa inapiga. Nikashusha mushumaa, imewaka mpaka chini kabisa kwa ardhi. Akaniangalia. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwambia, siporo ni asubuhi, asubuhi upepo hakuna. Akashusha sauti. Mahema imeisha kodishwa. Wakubwa wanakuja. Hii kiwanja ikifungwa, hatutapata ingine, donc watoto watarudi barabarani – njo unataka hivyo, Mama Teta?

Na ni kweli. Hapo njo naogopa zaidi.

Programu iko imebandikwa kwa geti. Mwisho: wote wanalala chali, wanafumba macho, wanavuta pumzi ndefu. Pumzi ndefu!

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Mvua tangu jana. Upepo hakuna hata kidogo.

Teta hasemi na mi. Nimeficha glavu zake. Eti we uliomba kiwanja, we unaninyima. Jado naye ananizunguka kama kuku anataka kutaga. Yeye ni dereva wa serikali, anaogopa maneno. Ananiita na jina: Cansilde, mutu mumoja hashindani na sekteri. Cansilde, utatuletea shida. Nikamuuliza: na wewe utaenda kulala pale chali? Anaogopa vyote viwili, sekteri na mazuku, masikini, sawa mi tu.

Jioni Twagirimana amepiga simu. Wametoa ile ya kulala chini. Umefurahi sasa? Nikamushukuru sana, nikakaa, moyo ikapoa.

Halafu mutoto wa jirani, Gisubizo, akaingia kuomba ndizi. Miaka mbili na kitu. Nikasimama kumupa, akakuja karibu yangu. Kichwa yake haifike hata kwa kiuno yangu, na chini ya kiuno njo mushumaa ilizima. Na wamama wote wanakuja siporo na watoto wao.

Sikukula.

Jumapili, 2 Novemba 2025

Nimejaribu na mushumaa kabla watu waamke. Leo imezima kwa kiuno. Sikuendelea mbele.

Nimefunga geti. Nimeongeza na kufuli ya duka yangu. Niko nimekaa hapa juu, mugongo kwa geti, naandika. Chini ni ukungu tu, goli haionekani.

Twagirimana amepiga: fungua, wakubwa wako njiani. Nikamwambia, njoo na mushumaa, usije na mukono mutupu. Amekata. Jado ameandika: rudi nyumbani, ndakwinginze. Nakuomba, anasema. Simu nimeirudisha kwa mufuko.

Wamama wa kwanza wamefika, kitambaa kichwani, viatu safi. Wanauliza nini tena, Mama Teta? Nimewaambia yote. Mumoja amejishika mudomo. Mwingine amesema hizo ni mambo za Goma, hapa ni Rwanda.

Teta amekuja. Alitafuta glavu akazipata, amezivaa. Nilifikiri amekuja kunigombeza. Amekaa karibu yangu, mugongo kwa geti.

Muziki ya sekteri inapanda na barabara. Nasikia yule mwenye mikro anahesabu, moja, mbili, moja, mbili.

Gisubizo ameshuka kwa mugongo ya mama yake, anajaribu kupita katikati ya chuma za geti. Anapita, ni mudogo. Teta amemushika shati na glavu zake zote mbili.

Ananiuliza: Mama, na wakikata kufuli?

Muziki imefika kwa kona.