Hakuna wa Kumwamkia Mlimani

Mama Zuhura, salaam kutoka mashambani Ufaransa.

Nilikuapia kuwa nikikokota baiskeli huku hata mlima mmoja, ile ya nyumbani iwe yako. Barabara zao, mashaallah, hazina gari wala bodaboda. Starehe kubwa, ila hakuna hata mzee mmoja wa kunifanya nishuke nimwamkie, kama nifanyavyo hapo Lindi kila penye mwinuko. Ikabidi nimshukie ng'ombe. Mwanetu Zuhura akacheka: "Baba, mpe basi shikamoo yake!" Nikampa. Papo hapo bibi mwenye mvi akatupita akipanda mlima kwa baiskeli, mikate kikapuni, wala hahemi.

Baiskeli chukua. Niachie kengele tu, mke wangu, niwe nakupigia ukipita.

Wako anayekokota,
Baba Zuhura