Kuku Ndani ya Seva ya Kamili

Agapiti, nakuandikia kwa kompyuta ya dukani kwa Umesh. Mimi naye tumetoka kwa Kamili sasa hivi, na bado nacheka.

Unaikumbuka seva yake, ile kompyuta aliyoiunga kwa vipuri vya mashine mbovu ili itunze kazi za kompyuta nyingine? Aling'oa feni isile betri ya gari inayoiendesha, akaacha boksi wazi lipoe, juu akatandika kitambaa cha kufuma cha mkewe. Mke mwenyewe, Lukresia, alikwisha kumwambia: leo isipofanya kazi mbele ya Umesh, vyuma vyote vinakwenda jalalani.

Basi Kamili akavaa koti, na joto la hapa Ngokolo unalijua. Akamwambia Umesh, "Hii haina kelele hata kidogo."

Boksi likajibu: kwo, kwo, kwo.

Akafunua kitambaa. Kuku, Agapiti. Kuku wa Lukresia, ndani ya seva, anaatamia mayai kando ya diski.

Umesh akainama. "Mzee, hiki kipuri umekipata wapi?"

Kamili, jasho linamtoka, akanyoosha mkono aizime seva. Lukresia akatokea jikoni, akamwambia mumewe:

"Baba Goodness, acha. Hapo pana joto. Ukizima, hayo mayai utayaatamia wewe."

"Si ulisema nitupe?"

"Nilisema lini?"

Umesh akachomeka waya, akaita faili la seva kwenye kompyuta ya pili. Likaja. Kuku, ndani ya seva, wala hakugeuka.

Kamili sasa anatembea kama mkuu wa mkoa. Ila akitaka kuigusa seva yake, itabidi aombe ruhusa jikoni.