Jina Langu Kwenye Albamu ya Koku

Alhamisi, 20 Novemba. Mwezi wa tatu tangu niondoke nyumbani Miembeni. Mgongo unauma kwa kuanika dagaa hapa kisiwani Bumbire.

Binti yangu Koku amenitumia albamu yake ya kwanza bila bendi, kabla haijatoka. Ni muziki wa metal, nyimbo zote za mazimwi na makaburi. Anataka kutumia jina langu la ukoo kwenye jalada. Mama yake amekataa, anaogopa maneno ya usharikani.

Tumeisikiliza kambini. Mtoto ananguruma kama radi.

Mpishi wetu akaniambia, "Mzee, nisindikize chooni. Huyo mwanao ameamsha wafu."

Nimecheka mpaka machozi. Nimemwambia Koku aliandike jina langu, tena kwa herufi kubwa. Wazee wa kanisa sijui nitawajibu nini, lakini nitawajibu mimi.

Mbalamwezi ikianza hatuvui, maana dagaa hufuata taa zetu gizani tu. Hapo nitavuka ziwa kwenda nyumbani.