Mahali pa Sahihi ya Mwavita

Rumonge, Jumanne, tarehe 14 Mei 2024

Kwa mama yangu mpenzi Kadidja, Kabonga.

Asalaam aleikum warahmatullah, Mama. Amahoro, amani ya hapa Rumonge, ikufikie wewe na Mama Mdogo Mariam pamoja na wote wa nyumbani. Mguu unaendeleaje? Namwomba Mungu uvimbe uwe umepungua, na uwe unameza dawa hata siku ambazo husikii maumivu, maana nakujua. Sisi huku tu wazima. Michikichi imezaa vizuri, mawese yameshuka bei, na kaka Murshid amenunua pikipiki nyingine ambayo nayo haiwaki asubuhi.

Habari kubwa ni ya duka. Unajua lilivyoanza. Mwavita anapika sabuni za mawese uani kwake kwa namna uliyotufundisha, nami nazipiga picha kwa simu na kuziweka mtandaoni kwa jina lako, Sabuni za Mama Kadidja. Mwanzoni tulidhani watanunua jamaa tu, tena kwa kutuonea huruma. Siku hizi kila wiki tunapeleka katoni Bujumbura kwa gari za asubuhi, na wateja wengi siwajui hata sura. Mwezi wa pili hoteli moja ya huko ikatuandikia kwamba inataka sabuni zetu kila mwezi, lakini kwa sharti kwamba tuwape faktire, ankara yenye namba ya kodi. Yaani duka liandikishwe, lijulikane ni la nani.

Tukamwuliza binamu Salmin, anayewafanyia watu hesabu za maduka yao mjini. Alitueleza kwa subira yake yote, ambayo si nyingi. Alisema tuna njia mbili. Tunaweza kuandikisha duka la mtu mmoja: jina moja, karatasi chache, mambo yanaisha upesi, ila duka na mwenye duka wanahesabiwa kitu kimoja, na likidaiwa wadai wanaweza kuja kubeba mpaka kitanda chako. Au tufungue sosiete, kampuni ya watu wawili. Hapo mnaandikiana masharti, ndiyo wanayoyaita statiti, kila mmoja anakuwa na sehemu yake, wote mnatia sahihi, na deni la duka linabaki dukani. Salmin alisema hiyo ya pili ndiyo yetu, tusipoteze muda. Mwavita akamwuliza kama mtu asiyejua Kifaransa anaruhusiwa kuwa mshirika. Salmin akamjibu kwamba serikali inataka kitambulisho na sahihi, haitaki mtihani. Tulicheka mpaka machozi.

Basi tukaenda Bujumbura Jumatatu moja ya mwezi wa tatu. Mwavita alivaa kitenge chake cha sikukuu. Alichukua kitambulisho, kopi mbili na picha nne, akavitia vyote kwenye bahasha ya plastiki, akaishikilia mapajani toka hapa mpaka mjini. Tulipopita Muhuta nikamwona anafanya mazoezi ya sahihi yake kwa kidole juu ya ile bahasha, na tulipofika Kabezi alikuwa bado anaendelea. Jioni tukarudi na karatasi yenye muhuri. Nilikupigia simu tukiwa garini, nikakwambia tumeandikishwa, ukapiga vigelegele, ukataka kuongea na Mwavita. Alikushukuru kwa sauti ndogo. Nilidhani ni uchovu.

Tangu siku hiyo kazi iliendelea, tena ilizidi. Lakini Mwavita alibadilika. Wewe unajua huyu mtu hajawahi kubisha hodi kwangu maishani mwake. Alikuwa anaingia tu, anafunua sufuria, analalamikia chumvi. Sasa anabisha. Sabuni analeta zimepangwa kumi kumi, anasubiri nizikague. Ijumaa iliyopita alisimama nje ya mlango wangu, akakataa kuingia, akaniomba ruhusa ya siku mbili aende Muhuta kumzika mjomba wake. Akaongeza kwamba ameacha sabuni za kutosha ili kazi isiharibike. Nikacheka, nikamwambia aache utani. Hakucheka. Alibaki pale anangoja jibu, na hakuondoka mpaka niliposema haya, nenda. Mama, Mwavita aliniomba mimi ruhusa ya kwenda kuzika.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Na wewe sasa ujue, kwa sababu siwezi kukaa na jambo hili tena.

Ile karatasi ina jina moja tu, nalo ni langu. Ofisini karani aliniuliza kwa Kifaransa duka ni la nani, na huyu niliyekuja naye ni nani wangu. Maisha yangu yote swali hilo limekuwa na jibu moja. Wewe ulitunyonyesha sote wawili, mama yake alipougua baada ya kumzaa. Murshid alipopata wazimu wa kutaka kumposa, ulimkumbusha kwa kandambili kwamba dada wa kunyonya haolewi. Rumonge nzima inajua kwamba Mwavita ni ndugu yangu. Mimi nikamjibu karani kwamba ni mfanyakazi wangu. Nilisema taratibu, huku natabasamu, na Mwavita amekaa ubavuni kwangu na bahasha yake mapajani. Karani akaandika. Kisha nikamgeukia Mwavita, nikamdanganya kwamba kwa sasa wanataka jina moja tu, la kwake litaongezwa baadaye.

Njiani nilijitafutia sababu. Nilijiambia kwamba Waziri, mumewe, angekuja siku moja akauza sehemu ya mkewe. Nilijiambia kwamba ndugu wa kunyonya harithi, kwa hiyo hata dini haimpi haki kwenye changu. Upuuzi mtupu. Hapakuwa na urithi wowote pale, palikuwa na sabuni alizozipika yeye kwa mikono yake. Ukweli ni kwamba nikiwa kwenye ile foleni niliona watu waliovaa vizuri wanaitazama mikono yake iliyoliwa na magadi, nikaona haya. Na nililitaka duka liwe langu. Tangu maziwa yako nimegawana naye kila kitu, nikatamani mara moja tu niwe na kitu cha peke yangu. Nilidhani hakuelewa nilichosema. Kifaransa kile, Mama, hata wauza samaki wa ndagala sokoni wanakielewa.

Aliporudi kutoka Muhuta nilimfuata uani kwake na statiti alizoniandikia Salmin, nusu kwa nusu. Nilimsomea zote kwa Kiswahili, nikamwomba msamaha, nikalia. Alikuwa anakata sabuni, na hakuacha kukata. Alisema tangu siku ile analala vizuri kuliko mimi, kwa sababu mfanyakazi akichoka anaondoka, lakini ndugu hana pa kuondokea. Akasema bado hajui anataka kuwa yupi. Mwisho akasema hatatia sahihi kitu chochote mpaka wewe ujue, na ujue kwa maneno yangu mwenyewe, tena si kwa simu ambayo ningeikata yakinishinda.

Kwa hiyo nimeandika. Na kwa kuwa tangu mwaka jana macho yako hayaoni maandishi, na Mama Mdogo hajui kusoma, nimemwomba huyu anayekuletea barua akusomee mwenyewe. Nilimkabidhi ikiwa imefungwa, na hakujua kilichomo mpaka alipoifungua mbele yako. Mama, sauti unayoisikia tangu salamu ya kwanza ni ya Mwavita.

Mwavita, nisamehe kwa kukutwika na hili pia. Nakujua, ungependa kuruka maneno ili Mama asiumie, na labda ili unisitiri hata mimi. Kama uliruka pale nilipokukana, tafadhali rudi juu umsomee. Statiti zimo kwenye bahasha hii. Sahihi yangu ipo, mahali pa yako ni patupu. Ukiona bora uondoke, hoteli nimeshaiandikia kwamba sabuni ni zako na wakutafute wewe.

Mama, usinitetee, na usimlazimishe kwa ajili ya maziwa uliyompa. Mlishe tu vizuri, ametoka safari. Nisalimie Mama Mdogo Mariam na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde, akuponye mguu, atukutanishe salama.

Mimi mwanao, na kama anayesoma atakubali kulitamka, ndugu yake Mwavita,

Alya