Baba Yako Hapandi Tena Gari Lako

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa, chakula nimekifunika jikoni. Baba yako mpe dawa akishakula, na usimwache aende msalani peke yake.

Mimi nimerudi kliniki kumbembeleza yule dada wa mazoezi awe anakuja hapa nyumbani. Sijui kama atakubali. Baba yako amegoma kwenda.

Ulipotushusha kliniki asubuhi ulikuwa na haraka ya kazini, hukuuona uso wake. Gari milango miwili, kiti kiko chini kama umekaa sakafuni, na mtu mwenyewe kapooza upande mmoja. Mkamvuta wewe na mlinzi kama gunia, suruali ikamshuka pale getini watu wote wanaangalia. Nawe unacheka, "Mzee, hii ni spoti, utaizoea tu!" Akacheka na yeye. Tuliporudi na teksi akaniambia, "Mama watoto, mguu basi. Sitaki tena."

Na juzi tu alianza kuinua vidole vya mguu ule!

Gari letu la zamani lilikuwa bovu, sawa, lakini alikuwa anaingia mwenyewe. Nilikuambia kabla hujalibadilisha. Ukasema mama unaogopa kila kitu.

~~Liuze leo leo.~~ Hayo nimeyakata, najua umelitamani toka utotoni. Lakini daktari alisema mbele yako: akiacha mazoezi, mguu ndio umekwenda. Mimi sina nguvu za kumbeba.

Ukimkuta ameelekea ukutani usidhani amelala. Mwombe msamaha hivyo hivyo.

Mama