Dougal Amehamia Kihariri cha Tavita

Shangazi Hesper, pokea salamu kutoka Perth. Nimekwama, naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke, maana mume wangu Ross ameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni mwandishi wa programu za malori ya machimboni, yale yanayojiendesha yenyewe kule Pilbara, na kwa miaka mingi nimekaa meza moja na Dougal, ambaye si mpenzi wangu wala sijawahi kumtaka, ni rafiki wa kazi tu, lakini Shangazi, mimi ndiye niliyemfundisha Vim, hicho ni kihariri, yaani programu tunayoandikia programu nyingine, hakina vitufe wala urembo, ni maandishi kwenye kioo cheusi, wageni wakikifungua hawajui hata pa kutokea, na mimi na Dougal tulikuwa tunapokezana kibodi bila kusemezana, mmoja akianza mstari mwenzake anaumalizia. Machimboni ndivyo tulivyo, tunaandika kwa lugha ya C++, hatuna mbwembwe.

Sasa akaletwa Tavita kutoka Wellington, alikokuwa anatengeneza picha za sinema, na watu wa sinema lugha yao ni Python, na kihariri chake ni cha kisasa, rangi tupu, kinakukisia neno kabla hujalimaliza, nikadhani Dougal atamcheka, kumbe wapi, wiki ya pili nageuka nakuta na yeye amekifungua. Nikamuuliza, "Dougal, hiki nini?" Akasema, "Najaribu tu, Fen." Eti anajaribu, mpaka leo hajarudi. Siku hizi wamevaa vipokea sauti masikioni wote wawili, Dougal amesogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo, Tavita anamwonyesha hiki na kile, na Ijumaa badala ya kwenda na mimi kula pai Dougal anabaki kula panikeke, maandazi ya Kisamoa anayopika mke wa Tavita, na huyo Dougal ndiye aliyekuwa anasema hapendi vitu vitamu.

Kilichonimaliza ni ule utafiti wa kila mwaka unaowauliza waandishi wa programu duniani wanatumia nini. Tavita akaufungua mbele ya ofisi nzima, akaonyesha watu wa Vim tulivyo wachache, akasema, "Dada Fenella, mbona kijiji chenu kimebaki na wazee watupu?" Watu wakacheka, na Dougal akacheka. Nikamjibu, "Sinema yako ikikosea, mtu anarudishiwa tiketi. Lori langu likikosea, linapita juu ya mtu." Nikageuza kiti, nikarudi kwenye kioo changu cheusi.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Kwetu kazi ya mtu haiendi kwenye malori mpaka mwenzake aisome na kuipitisha, na anayesoma kazi za Tavita ni mimi. Ameandika programu inayosoma kumbukumbu za malori na kusema breki ipi inaelekea kuchoka, na ni nzuri, nakwambia wewe tu Shangazi, ni nzuri, nami nairudisha kila mara, leo nafasi kati ya maneno imezidi, kesho jina halinipendezi, keshokutwa namwambia aiandike upya kwa C++ na najua hakuna haja. Yeye anajibu tu, "Asante dada, nitarekebisha." Bosi wetu Imelda ameuliza mbona kazi za Tavita hazipiti, anataka maoni yangu kabla ya Ijumaa, maana muda wa Tavita wa majaribio unaisha na mke wake ndiyo kwanza amehamia hapa. Nikinyamaza anaondoka, na Dougal anarudi kwangu. Ross anasema, "Laiti ungenionea wivu mimi hivyo." Nifanye nini?

Fenella, mwenye donge

*

Fenella,

Sikucheka. Nilicheka kidogo kwenye pai, basi.

Wivu wako naujua. Marehemu mume wangu aliandika programu za benki Sydney kwa COBOL, lugha ambayo vijana walikuwa wakiitangazia msiba kila mwaka, na kila alipoajiriwa kijana mwenye lugha mpya, mzee alirudi nyumbani amenuna, hata chakula hagusi. Benki wana yao, sinema wana yao, machimbo mna yenu. Mtu anashika chombo alichokikuta mezani siku ya kwanza ya kazi, kisha anakitetea kana kwamba alikizaa yeye. Hilo nakusamehe.

Lakini hili la pili sikupambii. Umepewa kukagua kazi ili watu wasife machimboni, wewe ukaguzi huo umeufanya fimbo ya kumchapia mgeni. Uliwatangazia wenzako kwamba lori lako likikosea linapita juu ya mtu. Haya, na programu ya kugundua breki zilizochoka iko wapi? Umeikalia.

Kesho ukifika kazini, kabla ya kahawa, ipitishe. Kisha mwandikie Imelda kwamba kazi ilikuwa nzuri na aliyeichelewesha ni wewe. Utaona aibu, ione tu, haiui. Halafu mwambie Tavita uso kwa uso, usimtumie ujumbe.

Sasa Dougal. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mtu amesogeza uso mpaka kwenye kioo, amevaa vipokea sauti, mwenzake anamwonyesha hiki na kile. Mimi si daktari wa macho, na huenda nakosea. Lakini nilimpigia mpwa wangu anayefanya kazi kama yenu, nikamuuliza hicho kihariri cha rangi kina nini cha ziada. Akasema ni rahisi kukuza herufi unavyotaka, na kinaelewana vizuri na programu za kumsomea mtu mistari kwa sauti.

Umechungulia kila nafasi kwenye kazi ya Tavita ukitafuta kosa. Rafiki yako yuko hapo hapo mezani, hujamuuliza hata mara moja. Ijumaa usiende kula pai peke yako. Kaa nao mle hizo panikeke, na ukae upande wa Dougal. Muulize macho yanamsumbua tangu lini. Akikujibu, "Naona tu, Fen," muulize tena.

Shangazi Hesper