Kucha ya Wawira kwenye Sahani ya Mzee

Jumapili jioni, Manyatta. Ukungu umeshuka kutoka mlimani tangu mchana na haujainuka, na hasira yangu ya jana nayo haijapoa. Nimeenda nayo kanisani, nimeimba nayo, nimerudi nayo nyumbani.

Nakuandikia wewe, shajara, kwa sababu hapa nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Ijumaa nilimbandika Wawira kucha. Wawira ni rafiki yangu tangu chekechea, na jana wakwe zake walikuwa wanakuja kutoka Karurumo kuleta mahari. Alitaka mikono ya kupigwa picha. Niliwarudisha wateja wengine, nikamketisha peke yake kibandani kwangu, nikafanya kazi kama ya harusi ya dada yangu.

Wanaodhani kazi hii ni kumwaga gundi na kubonyeza, wasome hapa. Nililinganisha kila kucha bandia na kidole chake kabla ya kugusa gundi. Kidole gumba chake cha kulia ni kipana kuliko cha kushoto, na kucha za pakiti hazijui hilo. Iliyo nyembamba inabana kisha inainuka pembeni. Iliyo pana inapanda juu ya nyama, na hiyo hata ukiomba haitakaa. Iliyozidi kidogo niliipunguza kwa tupa mpaka ikaenea. Nikaisukuma nyuma ile ngozi ya kwenye mzizi, nikaukwaruza mng'aro wa kucha zake mwenyewe, nikapangusa kwa spiriti, nikarudia tena, maana mikono ya mtu anayekaa na ng'ombe haiishi mafuta. Gundi, tone dogo. Unaanzia kwenye mzizi, unailaza polepole ili hewa itoke, halafu unashikilia na kunyamaza.

Zilikaa. Nilizijaribu moja moja na hakuna hata moja iliyotikisika.

Kisha nikamwambia: mpaka kesho, usiloweke mikono kwenye maji moto na usiguse mafuta yoyote. Nilimfanya ayarudie hayo maneno. Aliyarudia akicheka.

Sasa ingia Tata Ruguru.

Tata ni shangazi yake Wawira, dada ya marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea. Kwake yeye kucha ndefu ni uvivu uliopakwa rangi. Ijumaa hiyo hiyo jioni, alipoziona tu, alimfukuza kijana wa kukamua na kusema wakwe hawaji kuchukua mwanasesere. Wawira akakamua ng'ombe wote mwenyewe. Kuosha viwele kwa maji moto, mikono imepakwa yale mafuta mazito ya kukamulia mpaka kwenye kifundo. Alfajiri akarudia tena. Katikati hapo akasugua kwa waya sufuria za mukimo, vile viazi vya kuponda na mahindi.

Nayajua haya kwa sababu Wawira mwenyewe aliniambia jana asubuhi, nilipofika kusaidia jikoni nikaona vidole vinang'aa na kucha kadhaa zimeanza kuachia. Nilitaka kumvuta kando nizitoe, nisafishe, nibandike upya. Tata akasimama mlangoni.

"Wewe, toa hiyo sumu yako hapa kwa chakula. Huyu ako na kazi."

Nikatoka. Ni mkubwa wangu, nimelelewa kuheshimu wakubwa, nikatoka.

Huku kwetu msichana mwenyewe ndiye anayempakulia mzee wa upande wa mume. Ni heshima, na watu wote huwa wanatazama. Wawira akapakua mukimo, akaweka na njahi, yale maharagwe meusi, pembeni, akapiga goti kidogo, akampa. Mzee akala vizuri. Kisha akatafuna kitu, akakitafuna tena, akadhani ni ganda la njahi. Akakitoa mdomoni akakiweka ukingoni mwa sahani.

Kilikuwa chekundu na kina ua dogo la fedha nililolichora mimi.

Yule mzee, Mungu ambariki, alicheka. Akasema wamepewa mkono wa bibi harusi kabla hata ya kumaliza kuongea mahari. Watu wake wakacheka naye, na mambo yangeishia hapo.

Lakini Tata Ruguru hakuweza kukubali kwamba aibu imetoka jikoni kwake. Alisimama mbele ya hema lote la wageni akaninyooshea kidole.

"Msiseme ni msichana wetu. Ni huyu hapa wa kucha! Anabandikia watoto wa watu takataka na gundi ya viatu. Wamama, mmejionea. Msipeleke wasichana wenu kwake."

Gundi ya viatu! Mimi, ninayesafiri mpaka Embu mjini kununua gundi nzuri wakati ya bei rahisi iko hapa dukani! Wanasema mcheza kwao hutuzwa. Mimi nimetuzwa matusi mbele ya kila mama ambaye binti yake huketi kwenye kiti changu.

Nikamtazama Wawira. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, mikono ameificha ndani ya leso. Alijua. Neno moja tu, "Tata, nilikamua," na mambo yangekwisha.

Akatazama chini.

Hiyo ndiyo inayoniuma. Matusi ya Tata nitayameza, lakini kimya cha Wawira kimenikwama kooni. Tumekula sahani moja tangu tukiwa wadogo.

Leo baada ya kanisa wasichana wawili wa kwaya waliokuwa waje kwangu kesho kubandikwa wamenipita wakitazama simu zao.

Halafu alasiri Wawira akaja. Alipitia nyuma, kule kwa mabanda ya kuku, amejifunika leso kichwani. Akatoa mkono wenye kucha zilizobaki.

"Aki nirekebishie hizi. Tunaenda kupiga picha na watu wa Karurumo wiki hii. Lakini Tata asijue nimekuja."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Si unajua vile Tata ako. Ningesema nini mbele ya watu?"

Nikamwambia aende. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka kuku wakatawanyika. Akalia, na sikumfuta machozi. Aliondoka njia ile ile ya nyuma, na mimi nikabaki nimeshika mlango.

Nimekaa hapa tangu wakati huo na hasira imeanza kubadilika, jambo ambalo silitaki, kwa sababu hasira safi ni rahisi kubeba. Namwona Wawira kule Karurumo, kwenye nyumba ya watu wengine, mama mkwe mwingine mlangoni. Ikiwa ameshindwa kusema neno moja kuhusu kucha, kwenye uwanja wa kwao, mbele ya watu wanaompenda, siku akionewa huko atasema nini? Na atamwambia nani, ikiwa mimi nimemfukuza?

Bado nina hasira naye. Nisijidanganye.

Lakini nimeshaamua. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nitaenda kwa kina Wawira, nipitie mlango wa mbele, na nitamwambia twende tukamwone Tata pamoja. Nitamsalimia Tata kama nilivyolelewa. Chai akinipa nitakunywa. Kisha nitakaa kimya nimngoje Wawira aseme, hata ikichukua asubuhi nzima, hata wateja wote wakikuta nimefunga. Maneno ninayo mimi tele, ningeyasema mwenyewe na kumaliza. Ila kule Karurumo sitakuwepo kumsemea.